Hatamu, Riadha na Siasa: Mafunzo ya Mwanafarasi na Historia ya Maneno Matatu ya Kiswahili

1. Utangulizi



Bila shaka wapo miongoni mwenu walioshangaa kusikia kwamba mhadhara wa taaluma za Kiswahili utahusu farasi. Mswahili hakuwa mtu wa farasi. Safari zake ndefu zilikuwa za jahazi, na mizigo yake ya nchi kavu ilibebwa na punda au kwa mabega ya watu. Mshangao huo una haki yake, nami sikusudii kuuondoa kwa kudai kwamba miji yetu ya pwani ilijaa wapanda farasi.

Hoja yangu ni nyingine. Kiswahili kimepokea kutoka Kiarabu maneno ambayo mizizi yake inahusiana na kazi ya kumfunza na kumtunza mnyama wa kupandwa, hasa farasi mchanga. Maneno hayo yamehama zizini yakaingia katika maisha ya umma: katika uongozi, katika michezo na katika malezi. Nitashughulikia matatu, yaani hatamu, riadha na siasa. Nitajaribu kuonyesha kwamba mtu anayejua mwanafarasi alifunzwa vipi ataona ndani ya maneno haya jambo ambalo matumizi ya leo yamelifunika.

2. Pwani na uhaba wa farasi

Ushahidi wa maandishi kuhusu uhaba wa farasi kwetu ni wa kale. Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad aliyesafiri katika bahari yetu mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba watu wa nchi ya Zanji hawakuwa na farasi, nyumbu wala ngamia, bali walipanda ng'ombe, wakiwatia matandiko na lijamu na kwenda nao vitani. Tunaweza kujadiliana kuhusu yaliyomo katika taarifa hiyo, maana msafiri huona sehemu tu ya nchi. Hata hivyo, habari ya kukosekana kwa farasi inapatana na tunayoyajua leo kuhusu maradhi.

Adui wa kwanza wa farasi katika nchi zetu ni mbung'o. Katika miaka ya 1890 David Bruce alifanya utafiti huko Zululand ulioonyesha kwamba mdudu huyo hueneza vimelea vya ugonjwa wa nagana, ambao humdhoofisha farasi na mara nyingi kumwua. Adui wa pili ni tauni ya farasi ya Afrika, inayosababishwa na virusi na kuenezwa na visubi. Kwa hiyo, kumleta farasi pwani kuliwezekana, lakini kumwendeleza kizazi baada ya kizazi kulihitaji fedha, watumishi na bahati.

Ndiyo maana farasi wa pwani alikuwa mnyama wa majumba ya watawala. Mfano ulio wazi ni Zanzibar ya Sayyid Said bin Sultan. Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi watoto wa Sultani walivyofundishwa kupanda wanyama tangu wakiwa wadogo. Wavulana walipopata ustadi walipewa farasi, na wasichana walipewa punda weupe wa Maskati, ambao nao walikuwa wa thamani kubwa. Farasi alikuwa pia zawadi ya kidiplomasia. Jahazi la al-Sultana, lililotia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840 likiwa chini ya Ahmad bin Na'aman, lilikuwa na farasi wawili wa Kiarabu miongoni mwa zawadi za Sayyid Said kwa Rais Van Buren wa Marekani.

Kwa watu wa kawaida, mnyama wa kupandwa aliyejulikana kwa mkono alikuwa punda. Kwa Mwamu, hatamu na sogi si maneno ya vitabuni. Ama farasi mwenyewe aliishi zaidi katika fasihi. Tendi za vita vya Waislamu wa mwanzo, ukiwamo Utendi wa Tambuka unaohusishwa na Pate na mwaka 1728, ziliwapa wasikilizaji picha za farasi wa vitani ambao wengi wao hawakupata kuwaona. Hivyo msamiati wa farasi ulikuwa mpana kuliko idadi ya farasi.

3. Mwanafarasi alifunzwa vipi?

Sanaa ya kumfunza farasi ni miongoni mwa sanaa zilizoandikiwa maelekezo mapema sana. Takribani karne ya 14 kabla ya Kristo, Kikkuli wa nchi ya Mitanni aliacha maelekezo ya kuwaandaa farasi wa magari ya vita, yaliyohifadhiwa katika mabamba ya udongo huko Hattusa, katika Uturuki ya leo. Maelekezo hayo hupanga siku kwa siku mwendo, chakula, maji na kuoshwa. Anayeyasoma huona mara moja kwamba msingi wake ni uvumilivu, kwa kuwa nguvu za mnyama hujengwa kidogo kidogo kwa miezi mingi.

Karne kumi hivi baadaye, Mgiriki Xenophon aliandika kitabu kuhusu upandaji farasi ambacho bado kinasomwa. Anataka mwanafarasi afikishwe kwa mkufunzi akiwa tayari mpole na mwenye kumpenda binadamu. Njia anayoipendekeza ni nyepesi kueleweka. Mnyama apate njaa, kiu na usumbufu wa nzi akiwa peke yake, kisha chakula, maji na nafuu vimjie kwa mkono wa mtu. Apapaswe pale anapopenda kupapaswa. Apitishwe katikati ya watu na makelele, na akishtuka asipigwe, bali aonyeshwe kwa utulivu kwamba kitu anachokiogopa hakina madhara. Juu ya yote, mtu asimwendee farasi akiwa na hasira.

Katika ulimwengu wa Kiislamu elimu hii ilikua na kuitwa furusiyya. Katika karne ya 9, Ibn Akhi Hizam, aliyehusika na mazizi ya makhalifa wa Kiabbasi, aliandika kitabu kinachounganisha mafunzo ya farasi, mafunzo ya mpandaji na tiba ya wanyama. Tusilione jambo hilo kuwa dogo. Kwa wataalamu wale, kumfunza mnyama na kumtibu vilikuwa milango miwili ya nyumba moja.

Mpangilio wa mafunzo yenyewe haujabadilika sana. Mwanafarasi huanza kwa kuzoea mkono wa mtu, halafu kamba ya kichwani. Baadaye hujifunza kuongozwa, kuinua kwato zikaguliwe, kuvumilia lijamu kinywani na seruji mgongoni. Mpandaji huja mwishoni, tena mnyama akiwa na umri wa miaka kadhaa, kwa sababu mifupa ya uti wa mgongo huchelewa kukomaa. Katika hatua zote kuna kanuni moja ambayo mtu asiye fundi huikosa: farasi hafundishwi na mvuto wa hatamu, bali na kulegezwa kwake. Mkono unapovuta, mnyama hutafuta njia ya kupata nafuu. Anapofanya linalotakiwa, mkono hulegea papo hapo, na kulegea huko ndiko jibu analolielewa. Mkono usiolegea humfanya kinywa kigumu, na mwishowe hasikii tena.

4. Maneno matatu

Tuanze na hatamu. Katika Kiarabu, khitamu ni kamba ya kumwongozea mnyama, hasa ile ya puani mwa ngamia. Kiswahili kililipokea neno likiwa na maana hiyo ya kushikika, kisha kikalipa maana ya madaraka. Mwaka 1975 Katiba ya Muda ya Tanzania ilirekebishwa na kuandika wazi ukuu wa chama, na kauli ya chama kushika hatamu ikawa mazoea ya majukwaani hadi mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992. Angalieni kitenzi kilichochaguliwa. Tunasema kushika hatamu, na aghalabu hatusemi kulegeza hatamu ila kwa lawama. Sitiari imechukua nusu ya ufundi na kuiacha nusu nyingine zizini.

Neno la pili ni riadha. Leo linatukumbusha uwanja, mbio na miruko. Katika Kiarabu, kitenzi chake kilitumika kwa kumfunza mwanafarasi hadi akakubali kupandwa. Kutoka hapo wanazuoni walilihamishia kwenye nafsi ya binadamu. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikiita kimoja cha vitabu vya Ihya kwa jina la riadha ya nafsi, na humo anawajibu wanaodai kuwa tabia haibadiliki. Hoja yake ni kwamba farasi mkaidi hugeuka kuwa mtiifu kwa mafunzo, sasa itakuwaje binadamu asiweze? Wahenga wetu waliposema samaki mkunje angali mbichi walikuwa wanagusa suala hilo hilo, ingawa methali hiyo inasisitiza umri, na riadha inasisitiza mazoezi ya kurudiwa. Mwanariadha wetu wa leo, aamkaye alfajiri kila siku kufanya mazoezi, yu karibu na maana ya kale kuliko anavyodhani.

La tatu, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni siasa. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotoa sais, mtunza farasi, na neno hilo limo katika kamusi zetu kwa umbo la saisi. Kwa hiyo saisi na siasa ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alibaki kuwalisha na kuwasugua farasi, mwingine akapanda daraja hadi ikulu. Muhimu zaidi, kamusi za Kiswahili za kabla ya uhuru zililieleza neno siasa kwa maana za upole, uangalifu na utaratibu. Kufanya jambo kwa siasa kulikuwa kulifanya taratibu, kwa kumchukulia mtu kwa hali yake. Kadiri vyama vya kupigania uhuru vilivyokua, maana ya uendeshaji wa nchi na ushindani wa madaraka ilitawala, hata ile ya kwanza ikafifia. Kaulimbiu ya mwaka 1972 ya Siasa ni Kilimo ilihitaji kumweleza mwananchi kwamba siasa ni zaidi ya hotuba. Kwa maana ya zamani, maelezo hayo yasingehitajika sana, kwa kuwa kutunza kulikuwamo ndani ya neno.

5. Pingamizi

Mwanaisimu makini atanikumbusha kwamba asili ya neno si maana yake. Atasema, kwa haki kabisa, kwamba siasa na riadha zilikuwa zimekwisha kuachana na zizi katika Kiarabu chenyewe kabla hazijavuka bahari, na kwamba Mswahili aliyezipokea hakumfikiria farasi hata kidogo. Nakubali sehemu kubwa ya pingamizi hili. Sidai kwamba mzungumzaji hubeba kumbukumbu ya farasi katika ulimi wake.

Ninachodai ni kidogo zaidi, lakini kina ushahidi. Kati ya maana zote ambazo neno siasa lingeweza kuja nazo, Kiswahili kiliipa nafasi ya mbele ile ya upole na uangalifu. Huo ni uchaguzi wa jamii, na historia ya lugha ni historia ya uchaguzi wa namna hiyo. Aidha, jamii iliyomfunza punda kila siku ilikuwa na uzoefu wa kutosha kuelewa kwa nini kumwongoza kiumbe na kumtunza vinaweza kubebwa na neno moja. Kukopa neno hakumaanishi kukopa fikra iliyo tupu.

6. Hitimisho

Wanafunzi wa Kiswahili huhimizwa kukusanya msamiati wa kazi unaopotea: wa uvuvi, wa ususi, wa ujenzi wa majahazi. Napendekeza tuongeze msamiati wa wanyama wa kazi. Maneno kama saisi, seruji, sogi na kigwe yanazidi kubaki kamusini bila wazungumzaji, na kila moja likipotea tunapoteza pia njia ya kusoma maneno makubwa tunayoyatumia kila siku.

Faida yake si ya kamusi pekee. Lugha ambayo imebakiza kushika hatamu na kusahau kufanya mambo kwa siasa imebakiwa na picha ya kiongozi mwenye mkono uliokaza. Mabingwa wa zizi, kuanzia Mitanni hadi Baghdad, wangemwambia kiongozi huyo kwamba mnyama anayevutwa bila kulegezewa hatimaye haongozeki. Kiswahili kilikuwa na neno la kuonya jambo hilo. Bado kinalo, tukilitafuta.