Nilikosea kuhusu lethi, acha nirekebishe

Wiki tatu zilizopita niliweka vidio nikiwa kwa karakana ya mzee mmoja hapa Eldoret. Anakereza miguu ya kitanda, vumbi kila mahali, mota inalia. Mimi mbele ya kamera, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajasoma, nikasema: "Wasee, hii mashine ililetwa na mzungu. Kabla ya hapo sisi tulikuwa tunachonga na panga tu." Hiyo vidio ikaenda kuliko zote nimewahi kuweka. Halafu jamaa wa Lamu akanitumia sauti fupi sana: "Ndugu yangu, kama ni ya mzungu, Waswahili walitoa wapi neno kerezo?"

Sikuwa na jibu. Hata hilo neno sikulijua. Sisi huku tunasema lethi.

Najua ni kwa nini niliamini nilichosema. Mji wetu wenyewe ulianza kama nambari. Makaburu walifika Uasin Gishu 1908 na magari ya ng'ombe, posta ikawekwa kwenye Shamba nambari 64 mwaka 1910, jina Eldoret likaja 1912, reli ikafika 1924. Ukikulia hapa unazoea kudhani kila kitu kinachozunguka kilishuka kwenye gari la mtu fulani. Na kule chuo, kabla nitoke mwaka wa pili (hiyo stori ni ya siku nyingine, na natumai mamangu hasomi hii), tulichora lethi kwenye karatasi na kukariri jina la Henry Maudslay wa Uingereza, karibu mwaka 1800. Si uongo. Maudslay alitengeneza lethi ya chuma ya kukata nyuzi za skrubu kwa usahihi, na viwanda vikabadilika. Lakini lethi ya mbao ni nyanya yake huyo. Kule Misri, kwenye kaburi la Petosiris, la karibu miaka 300 kabla ya Kristo, kuna mchongo ukutani wa watu wawili: mmoja anavuta kamba, mwingine ameshika kifaa cha kukatia mti unaozunguka.

Pwani yetu walitumia kerezo la uta. Unabana mti kati ya ncha mbili, unauzungushia kamba ya uta mara moja, halafu unavuta na kusukuma uta kama unapiga fidla. Shida ni kwamba mti unazunguka mbele, halafu unarudi nyuma. Kwa hivyo patasi inakata ukizunguka kuja kwako tu, ukirudi unailegeza kidogo. Mbele kata, nyuma legeza, siku nzima. Sasa angalia picha ya kitanda cha zamani cha Lamu au Siyu, zile nguzo zina shanga na viuno juu hadi chini, alafu ujiulize huyo fundi alivuta uta mara ngapi.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni keke. Keke ni kekee ya kutobolea mbao, inazungushwa na uta vilevile. Edward Steere, mmishonari aliyekuwa Zanzibar, alichapisha kitabu cha Kiswahili mwaka 1870 na humo akaandika sehemu zake. Chuma chenyewe ni keke. Mti unaoshika chuma ni msukano. Kishikio cha juu ambacho msukano unazunguka ndani yake ni jivu. Halafu uta. Buda, kifaa kimoja, majina manne, na mimi niliambia watu tulikuwa na panga tu!

Na fikiria mitepe, zile jahazi za pwani ambazo mbao zake hazikupigwa misumari, zilishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi. Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki, Periplus, cha karne ya kwanza, tayari kinataja mashua za kushonwa kwenye pwani hii. Kushona ubao ni lazima kwanza uutoboe, shimo baada ya shimo, mwili mzima wa chombo. Mashimo hayajitoboi.

Kwa hivyo nilirudi kwa mzee. Nikamwambia nataka tutengeneze keke, na tukereze msukano wake kwenye hiyo hiyo mashine niliyoisingizia. Akaniangalia. "Kijana, drili ya umeme iko pale kwa meza." Nikamwambia mzee, nimedanganya watu wengi, nisaidie. Akacheka, akatoa kipande cha mzeituni wa porini, mti mgumu ambao huku wanaupenda kwa rungu.

Msukano wa kwanza aliukereza laini kama kioo, akapiga sandipepa, ukapendeza kwa kamera. Haukufanya kazi hata kidogo. Kamba ilikuwa inateleza tu. Wa pili akaupa kiuno katikati na kukiacha na mikwaruzo ya patasi, kamba ikashika. Jivu tulilitoboa tundu na kulipaka nta ya mshumaa, maana bila hiyo lilianza kutoa moshi mkononi mwangu. Chuma ni msumari wa inchi sita, tuliuponda ncha iwe bapa na kuunoa pande zote mbili, ili ukate ukienda na ukirudi. Shimo langu la kwanza lilienda upande. La kwake lilinyooka, na yeye ndio mara ya kwanza anashika hiyo kitu.

Tukiwa hapo stima ikapotea. Mota ikanyamaza, vijana wa karakana wakatoka nje kwa simu zao. Mzee akabaki ameinama juu ya mguu wa kitanda wa mteja, anavuta uta polepole, unga wa mbao unatoka. Alimaliza mashimo mawili kabla stima irudi. Akauliza tena lile la juu linaitwaje. Jivu, nikamwambia. Akaliandika ukutani na chaki, chini ya namba za simu za wateja.

Ile vidio ya zamani nimeifuta. Mpya inatoka Ijumaa. Kama uko na babu Pate, Siyu au Matondoni ambaye amewahi kushika uta wa kerezo, nitumie sauti, nitakuja na matatu nikikosa ya basi.