Chambo cha Kumwaga: Ukurasa Usioandikwa wa Historia ya Kilwa

Mwanahistoria wa Kireno João de Barros, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1552, anasimulia kisa cha mvuvi wa Kilwa aliyenasa samaki mkubwa kwa mshipi. Mvuvi hakutaka kuukata mshipi wake. Samaki akamkokota, na mikondo ikamfikisha Sofala. Huko aliwakuta wafanyabiashara wa Mogadishu wakinunua dhahabu, na aliporejea alimpasha habari mfalme wake. Tukiichukua habari hii kuwa tukio au ngano, jambo moja ni dhahiri: masimulizi yanauanzisha utajiri wa Kilwa kwenye ndoana. Samaki ametajwa na dhahabu imetajwa. Mhadhara huu unahusu kilichoachwa, yaani chambo.

Ushahidi wa ardhini hauwapuuzi wavuvi. Uchimbaji wa Neville Chittick katika Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya Kilwa Masoko ya leo, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1974, ulionyesha kuwa wakazi wa mwanzo walitegemea sana mazao ya bahari. Lugha nayo imehifadhi kumbukumbu. Neno chambo, wingi wake vyambo, limeundwa kwa kiambishi ki- na shina -ambo, kama vile chombo na vyombo. Ndoana ina undugu na kitenzi cha Kiganda kuloba, yaani kuvua kwa ndoana. Haya ni maneno ya Kibantu, yenye umri mkubwa kuliko hati zetu.

Hata hivyo, Kiswahili kinatumia jina hilo moja kwa vitu viwili, na tofauti hubebwa na kitenzi. Chambo cha ndoana hutiwa; chambo cha kukusanya samaki humwagwa. Cha kwanza humnasa mmoja, cha pili huliita kundi.

Chambo cha kumwaga hutengenezwa kwa mabaki. Vichwa na matumbo ya samaki, dagaa walioanza kuvunda au kaa hutwangwa pamoja, vikachanganywa na machicha ya nazi au pumba, kisha mchanga ukaongezwa ili mchanganyiko uzame. Sharti usagike, kwa kuwa kinachotakiwa ni harufu isambae bila samaki kushiba. Sharti la pili ni kuujua mkondo. Wakati wa bamvua maji hukimbia, na chambo kilichomwagwa ubavuni mwa chombo huenda kuwakusanya samaki mahali asipokuwapo mvuvi. Kwa hiyo humwagwa upande unakotoka mkondo, au hushushwa ndani ya kikapu chenye jiwe. Maji mafu yakifika, kiasi kidogo hutosha. Kutwanga, basi, ni kazi ya mikono tu. Elimu yenyewe ni kuyasoma maji.

Elimu hii tuilinganishe na utupa, mmea ambao nao hutwangwa na kumwagwa majini, lakini ambao hulevya na kuua wakubwa kwa wadogo. Mchi ni ule ule, nia ni mbili. Baadaye ilikuja baruti, iliyoharibu matumbawe ya pwani ya Kilwa na Lindi kwa miaka mingi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu na milipuko. Lakini madhara ya baruti hayakuishia kwenye matumbawe, kwani anayelipua hana haja ya kujua bamvua, wala harufu huchukuliwa wapi na maji. Kizazi kikivua hivyo, maarifa hukatika, na msamiati unaoyabeba hukatika nayo.

Kwa kuhitimisha, tunawahimiza wanafunzi wa isimu wanaokwenda Kilwa kutazama magofu washuke pia pwani, wakae na wazee wavuvi na kuandika si majina ya samaki pekee, bali vitenzi: kutwanga, kutia, kumwaga, kushusha. Barros alituachia habari ya dhahabu. Habari ya chambo ingali vinywani mwa watu, na wenye vinywa hivyo ni wazee.