Mwanafunzi Mgeni na Wenyeji Wake

Kila mwaka mwezi wa Januari, hapa Murukulazo na katika vijiji vyote vya Ngara na Biharamulo, twawaona watoto wakishika njia alfajiri wamevaa sare mpya. Wengine wamechukua madaftari tu, na wengine wamejitwika jembe, fagio na ndoo, kama walivyoagizwa katika fomu ya kujiunga. Hao ndio walioitwa Kidato cha Kwanza. Mzazi husimama mlangoni akimtazama mwanawe hata asimwone tena, kisha huenda shambani kwake na furaha moyoni.

Lakini sisi tulio walimu twajua neno ambalo mzazi hulijua baadaye, ya kwamba si kila aingiaye mlango wa shule hukaa. Wako wafikao majuma mawili au matatu, kisha nafasi zao huwa tupu. Ukiuliza sababu, huambiwi kwamba mtoto hana akili, maana mtihani alishinda. Huambiwa, "Alishindwa kuzoea." Basi leo twataka kulipima neno hilo kwa habari za zamani, maana taabu ya mwanafunzi mgeni si taabu mpya katika nchi yetu, na waliotutangulia walikutana nayo kwa njia zao.

Tuanze Unguja. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya UMCA alipofika huko, Sultani Majid alimpa watoto watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wake wa kwanza. Baadaye walikuja wengine wengi, ikajengwa shule ya Kiungani. Fikirini hali ya watoto wale. Hawakuletwa na baba wala mama. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na watu wa makabila mengine, wala mmoja hakujua usemi wa mwenzake. Kama shule ingewapa kitabu tu na ubao, wangekufa kwa huzuni. Kwa hiyo ilikuwa haina budi shule yenyewe kuwa nyumba yao, na mwalimu kuwa mzazi wao. Dakta Steere, aliyefika pamoja na Tozer, hakuanza kwa kuwalazimisha Kiingereza. Alikaa chini akajifunza Kiswahili, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kueleza lugha hiyo, ili wote wawe na lugha moja ya kukutania. Katika watoto wa Kiungani alitoka Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa, ambaye mwaka 1890 alipata kuwa kasisi, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa daraja hiyo.

Twajifunza nini hapo? Twajifunza kwamba mtoto hawezi kusoma kabla hajajua kwamba yuko kwao. Lakini tuangalie pia jambo la pili. Desturi ile ya shule kuwa baba na mama ilizaliwa kwa sababu watoto wale hawakuwa na wazazi karibu. Ilikuwa dawa ya ugonjwa fulani. Nasi tutaona kwamba dawa hiyo iliendelea kunywewa hata na wale wasiokuwa na ugonjwa huo.

Sasa tuje bara. Mwaka 1925 serikali ya Waingereza ilifungua shule ya Tabora, na hapo mwanzo ilikusudiwa hasa kwa wana wa machifu. Watoto walitoka pande zote za nchi. Aliyetoka magharibi ya Ziwa Victoria aliweza kupanda meli Bukoba mpaka Mwanza, na tangu mwaka 1928 reli ya Mwanza ilipomalizika, alipanda gari la moshi mpaka Tabora. Aliyetoka nchi iliyo mbali na ziwa, kama hii yetu ya milima, ilimpasa kwanza kwenda kwa miguu siku nyingi. Mzazi alimwaga mwanawe asijue atamwona lini, wala hakuwa na njia ya kujua kama analala vema au analia.

Mmoja wa watoto wa shule ile ni Julius Kambarage Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alizaliwa mwaka 1922. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kama 12, alitoka kijijini kwake Butiama akaenda kulala katika shule ya Mwisenge, Musoma. Nyumbani alisema Kizanaki. Kiswahili alijifunza shuleni. Mwaka 1937 akaenda Tabora, na huko ikampasa kusoma kwa Kiingereza. Hesabuni wenyewe: mtoto mmoja, kwa miaka michache, alivuka mito mitatu ya lugha. Watu wengi humsifu kwa akili zake, na ni haki. Lakini mtoto avukaye mito namna hii hahitaji akili tu. Yahitaji pia ng'ambo awepo mtu wa kumpa mkono.

Shule za bweni za siku zile, Tabora na Minaki, na Budo iliyofunguliwa mwaka 1906 huko Uganda, na Alliance iliyofunguliwa mwaka 1926 huko Kikuyu katika Kenya, zote zilikuwa na hekima moja, yaani mgeni hakuachwa peke yake katika mamia ya watu. Alikuwa na bweni lake, kiranja wake, meza yake ya kulia, na mwalimu aliyewajibika kumjua kwa jina. Hiyo ndiyo faida yao. Hasara yao ilikuwa upande wa mzazi. Shule ilimchukua mtoto kana kwamba hakuwa na kwao, na mzazi akazoea kufikiri kwamba kazi yake imekwisha siku anapolipa ada na kufunga sanduku. Mtoto aliporudi likizo alikuwa mgeni katika nyumba ya baba yake. Alikuwa na mengi ya kusema, wala hapakuwa na wa kumsikiliza.

Baada ya Uhuru mwaka 1961 desturi hiyo haikuondoka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za misheni mkononi mwa serikali, na wanafunzi wakatawanywa kwa makusudi, huyu wa Kagera kwenda pwani, na yule wa pwani kuja Kagera, ili wajifunze kuwa taifa moja. Jambo hilo lilifaa sana, na matunda yake twayala mpaka leo. Lakini nafasi zilikuwa chache mno. Katika kijiji kizima huenda akaitwa mmoja, na miaka mingine asiitwe hata mmoja. Aliyeitwa alisindikizwa na kijiji kizima.

Ndipo yakaja mabadiliko makubwa. Mwaka 2004 serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na watu wakaambiwa wajenge shule katika kila kata. Wasomaji wengi wa ukurasa huu walichukua mawe, mchanga na maji kwa vichwa vyao, nao wanajua tunalosema. Mwaka 2004 shule za sekondari katika Tanzania Bara zilikuwa 1,291. Mwaka 2009 zilikuwa 4,102. Tena tangu Januari 2016 ada iliondolewa kuanzia Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne, ile ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka katika shule za kutwa. Mlango uliokuwa mwembamba ukapanuliwa.

Lakini, ndugu zetu, tazameni kilichobadilika pasipo sisi kukitambua. Shule ya bweni ilikuwa na kitanda, taa, chakula na kiranja. Shule ya kata ina darasa na mwalimu, basi. Kitanda, taa na chakula vimebaki nyumbani. Maana yake ni kwamba nusu ya shule imo katika nyumba ya mzazi, naye hajaambiwa. Yeye bado ana desturi ya siku za Tabora: amemkabidhi mtoto, amekwenda zake. Mtoto hurudi jioni baada ya mwendo mrefu, akapewa ndoo ya kwenda mtoni, na hasa mtoto wa kike. Kisha usiku hana taa. Na yule akaaye mbali zaidi hupangishiwa chumba karibu na shule, ambacho vijana hukiita geto. Huko ana miaka 14, hana mlezi, anajipikia mwenyewe, na hakuna aulizaye amelala saa ngapi na nani amebisha mlangoni.

Tena iko habari ya lugha. Mtoto wetu huanza na Kihangaza au Kishubi kwao, akasoma miaka ya msingi kwa Kiswahili, na Januari ile ya Kidato cha Kwanza hukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Ni ile mito mitatu ya Kambarage, ila mtoto huyu jioni hulala nyumbani, ambako hakuna asemaye lugha ya kitabu chake. Iko kozi ya awali ya majuma machache ya kuwazoeza wanafunzi Kiingereza, nayo ni njema. Lakini majuma machache hayajazi mtungi wa miaka saba.

Tutasema habari moja tuliyoiona wenyewe, pasipo kutaja shule wala mtu. Alikuwako mtoto wa kike aliyefaulu vizuri. Juma la pili alisimama darasani kujibu kwa Kiingereza, akakosea, wenzake wakacheka. Kesho yake hakuja. Sisi tulidhani ameuguliwa, tukanyamaza. Baada ya mwezi mmoja mwalimu mwenzetu alipita kwao kwa safari nyingine, akamkuta anapalilia maharagwe. Mama yake akasema, "Tulidhani shule imemkataa." Mwalimu akajibu, "Nasi tulidhani nyumbani mmemwachisha." Basi mwezi mzima kila upande ulimngoja mwingine, na mtoto akapotea katikati. Hakurudi tena. Hatumlaumu mama yule. Twajilaumu sisi, maana mwendo wa kwenda kwao haukutimia hata saa moja.

Kwa nini twasema hayo sasa? Kwa sababu wakati u karibu. Kwa mpango wa sera mpya ya elimu, elimu ya lazima ni ya miaka kumi, na shule ya msingi itakwisha darasa la sita. Mwaka 2027 watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja, na mwaka 2028 makundi hayo mawili yataingia Kidato cha Kwanza kwa pamoja. Watu wanafikiri juu ya madarasa na madawati, nao wafanya vema. Lakini dawati halimkaribishi mtu. Wageni wakija maradufu, yapasa wenyeji nao wawe maradufu.

Basi twatoa mashauri machache, nayo hayana gharama kubwa.

Kwanza, mzazi afike shuleni kabla ya mtoto kuanza, wala asingoje kuitwa kwa kosa. Akae katika dawati la mwanawe, amjue mwalimu wa darasa kwa jina, naye mwalimu amjue yeye na njia ya kufika kwake.

Pili, tukumbuke kalenda ya mashamba yetu. Fedha ya kahawa huingia katikati ya mwaka, na shule hufunguliwa Januari, mkono ukiwa mtupu. Ada imeondolewa, lakini sare, madaftari, na viatu havikuondolewa. Anayenunua kitambaa wakati wa kahawa hatakopa wakati wa Januari. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, kila mgeni apewe mwenzake wa Kidato cha Pili au cha Tatu wa kijiji kimoja naye, watembee pamoja njiani, amsaidie maneno ya Kiingereza, na kumwonyesha desturi za shule. Hii ndiyo hekima ya bweni, nayo yaweza kufanyika pasipo bweni. Na anayemcheka akoseaye akanywe siku ile ile.

Nne, mtoto wa geto awe na mlezi. Katika kila mtaa ulio karibu na shule wamo wazee wa kanisa na akina mama wenye heshima. Mmoja wao akikubali kubisha hodi kila jioni, na kumwalika mtoto mara moja kwa juma kula pamoja na nyumba yake, atakuwa amefanya kazi ya mabweni mazima.

Tano, nafasi ikiwa tupu siku tatu, mtu aende. Asiandike barua, wala asingoje kikao cha bodi. Aende kwa miguu yake mpaka mlangoni, aulize.

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Watoto watano wa Unguja walikuja mikono mitupu, na kwa kuwapokea wao ikaanza kazi iliyoenea nchi nzima. Mtoto wa Zanaki alikuja na usemi wa kwao tu, na kwa kumpokea yeye nchi ilipata kiongozi. Hatujui ni mgeni gani atakayeshika njia ya Murukulazo Januari ijayo. Twajua tu kwamba atafika, na kwamba siku zake za kwanza ziko mikononi mwetu, sisi walimu na ninyi wazazi pamoja.