Msumeno na Moto: Historia ya Kutunza Miti ya Uani

Leo somo letu la historia si habari za vita wala za wafalme peke yao. Ni habari za mti ulio uani kwako, na za funza aliye ndani ya tawi lake.

Kwanza, fikirini majina ya mahali tunapokaa. Magomeni kuna Mwembechai. Temeke kuna Mwembe Yanga. Upande wa Kinondoni kuna Mikocheni, jina lililotokana na mikoche. Majina hayo yanatufundisha kwamba miti ilitangulia, nyumba zikafuata.

Miti mingine ilitoka mbali. Asili ya mkorosho ni Brazili. Wareno ndio walioleta mbegu zake pwani yetu katika karne ya 16. Hata neno kanju limetokana na Kireno. Mnazi ni mwenyeji wa zamani zaidi. Mwaka 1862 Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga mji karibu na kijiji cha Mzizima, akauita Dar es Salaam. Kando ya mji huo yakapandwa mashamba ya minazi, na waliofanya kazi humo walikuwa watumwa. Mwenye shamba alikuwa mmoja na amri yake ilikuwa moja. Akisema shamba lisafishwe, lilisafishwa lote, mtumwa apende asipende.

Kwa nini usafi ulikuwa na maana? Mnazi una adui aitwaye chonga, mdudu mweusi mwenye pembe. Hutoboa kilele cha mnazi, na makuti machanga yakifunguka huonekana kama yamekatwa kwa mkasi. Lakini chonga hazaliwi huko juu. Hutaga mayai chini, katika magogo ya minazi yaliyooza na katika marundo ya samadi. Watu wa pwani humtoa tunduni kwa waya wenye ncha iliyopindwa kama ndoana. Hiyo ni kazi njema, lakini waya huua mmoja mmoja. Gogo likipasuliwa na kuchomwa moto, kizazi kizima kimekwisha.

Mkorosho nao una adui wake. Yuko mbawakawa mwenye papasi ndefu, urefu wake kama sentimita 3, na mbawa zake zina rangi ya chungwa yenye mabaka meusi. Huyu hutafuna tawi kulizunguka pande zote, kama mtu anayechora pete kwa kisu, mpaka ubaki ujiti mwembamba katikati. Tawi hufa. Jike hutaga mayai katika sehemu iliyo juu ya pete, kwa sababu funza wake hula mti mkavu. Baadaye upepo hulivunja tawi likaanguka. Wewe waona kuni. Kumbe ni nyumba ya watoto wake. Humo hukua mpaka mwaka unaofuata, kisha hutoka wakiwa wakubwa na kupanda mti mwingine. Mdudu huyo huyo hushambulia mbuyu na msufi pia.

Sasa turudi katika historia. Mwaka 1922 sheria ilikomesha utumwa Tanganyika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Waingereza ilipima viwanja vya makazi Magomeni, Temeke na Kinondoni. Mji ukazidi kupanuka, na penye shamba moja pakawa na nyua nyingi. Kila mtu akawa na mnazi wake au mwembe wake, na ukuta wake. Hilo ni jambo la heri. Lakini ile kazi ya kusafisha pamoja ilikosa mwenyewe.

Wakati huo huo zilikuja dawa mpya. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba DDT huua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Watu wengi duniani walidhani kazi ya msumeno imekwisha. Haikuwa hivyo. Dawa inayonyunyizwa juu ya gome haimfikii funza aliye ndani ya mti. Tena sumu nyingine zilionekana kudumu miaka mingi katika udongo na katika miili ya watu na wanyama. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulizuia au kubana kabisa matumizi ya kadhaa kati ya hizo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Uani, ambako kuku wanaparua na watoto wanacheza, tuna sababu zaidi ya kushika msumeno.

Basi fanya hivi. Tafuta tawi linalokauka peke yake, pete iliyotafunwa, tundu, au unga wa mti. Kata chini ya alama hiyo, mpaka kwenye mti mzima. Tazama pale ulipokata: ukiona njia ya funza, kata tena. Tawi likiwa zito, anza kwa kulikata kidogo upande wa chini, lisije likachana gome. Usikate mpaka kugusa shina. Acha ule uvimbe ulio mwanzo wa tawi, maana hapo ndipo mti hufunika kidonda chake. Wala huna haja ya kupaka lami.

Umekata? Kazi imefika nusu tu. Mimi nalijifunza hayo kwa aibu. Nilikata matawi ya mkorosho wangu Mbagala, nikayapanga vizuri nyuma ya nyumba yawe kuni za Ramadhani. Mwaka uliofuata mkorosho wa jirani yangu, mama mmoja mtu mzima anayeuza korosho za kukaanga, ulianza kudondosha matawi yenye pete. Alikuja na tawi moja mkononi, akalipasua mbele yangu, akanionyesha tundu. Akasema, "Mwanangu, hawa umewafuga wewe." Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo kuni zenye funza ziingie jikoni wiki hiyo hiyo, au zichomwe mahali pa wazi, mbali na makuti na nyumba. Zisiwekwe akiba, zisifanywe nguzo za ua, zisitupwe kwa jirani. Gogo la mnazi nalo lisiachwe kuoza.

Zamani shamba lilisafishwa kwa amri, na waliolisafisha hawakupata nazi. Leo nazi ni zetu na korosho ni zetu, na hakuna wa kutuamuru. Tukitaka miti yetu ibaki, hatuna budi kupatana, ukuta kwa ukuta, siku moja ya kukata na siku moja ya kuchoma. Mdudu hajui mpaka wa kiwanja.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Chonga hutaga mayai wapi?
2. Kwa nini tawi lililoanguka si kuni za kuweka akiba?
3. Mtaani kwenu, nani aanze kumwita jirani yake?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.