Tairi la "Ardhi Zote": Historia ya Jina na Uzito wa Ahadi Yake

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi msamiati wa tairi ulivyoingia katika Kiswahili, na kuonyesha kwa nini jina la tairi moja, lile linaloitwa na wauzaji "tairi la ardhi zote", linahitaji kufikiriwa upya na wafasiri, walimu na maofisa wanaoandika hati za manunuzi. Huenda msomaji akaona kuwa tairi ni jambo la gereji, si la Baraza la lugha. Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka tulipokosea.

Tulipata kuletewa hati ya zabuni tuifasiri. Hati hiyo ilihusu ununuzi wa matairi ya magari ya kazi ya idara moja yenye vituo vya mbali, nayo ilitaja kipimo ambacho hupigwa chapa ubavuni mwa tairi kwa namba 10 na herufi PR. Neno la kigeni lililofichwa katika herufi ya kwanza lina maana ya tabaka, nasi bila ya kusita tukaandika: "tairi liwe na tabaka 10." Matairi yalipofika, kamati ya kupokea mali ilisoma maandishi madogo ubavuni na kukuta kwamba ubavu una tabaka 2 tu za nyuzi. Wajumbe wakaona wamedanganywa, wakayakataa. Magari yakakaa juu ya magogo masika nzima, huku barua zikienda na kurudi. Mwuzaji hakuwa amedanganya, wala kamati haikuwa imekosea kusoma. Kosa lilikuwa letu.

Tangu siku hiyo tumejifunza kuwa istilahi ya chombo haitoki katika neno la kigeni peke yake. Hutoka katika historia ya chombo chenyewe na katika kazi kinayoifanya leo.

1. Kutoka mpira hadi tairi

Neno "mpira" ni la kale kuliko gari. Katika pwani yetu lilikuwa jina la mtambaazi wa mwituni wenye utomvu mweupe unaoganda, ambao wataalamu wa mimea huuweka katika jamii ya Landolphia. Kutoka kwa mmea jina likahamia kwenye utomvu ulioganda, kisha kwenye kila kitu kilichotengenezwa kwa utomvu huo, hata tufe la kuchezea. Wafanyabiashara wa karne ya 19 waliununua mpira bara na kuusafirisha kwa meli.

Mahitaji ya dunia yalibadilika ghafla mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama mjini Belfast, alipotengeneza mpira wa kujazwa upepo kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe. Robert William Thomson alikuwa amekwisha kupata hataza ya wazo kama hilo mwaka 1845, lakini wakati huo hapakuwa na chombo chepesi cha kulifaidi. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, waliingiza gari lenye magurudumu ya upepo katika mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi.

Hatuna budi kukumbuka kwamba starehe hiyo ya Ulaya ilikuwa na bei yake Afrika. Katika Kongo iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili tangu 1885 hadi 1908, wanavijiji walilazimishwa kukusanya mpira wa mwituni kwa mateso na vifo visivyo na idadi. Katika Tanganyika, iliyokuwa chini ya Wajerumani, mashamba ya mpira yalipandwa kaskazini, hasa upande wa Tanga na Usambara, nayo yakaanguka mwaka 1913 bei ilipoporomoka kwa sababu ya mpira wa mashamba ya Asia. Kwa hiyo, mtu wa Muheza aliujua mpira shambani kabla ya kuuona barabarani.

Gari lilipofika, jina lilikuwa tayari: "mpira wa gari", na ndani yake "mpira wa ndani". Neno "tairi" liliingia kwa njia ya madereva na mafundi, pamoja na jeki, spana, breki na pancha. Kamati ya Lugha iliyohudumia nchi za Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, mengi ya maneno hayo yalikuwa yamekwisha kukaa katika vinywa vya watu. Hapakuwa na haja ya kuyafukuza, wala hatuoni haja hiyo leo.

2. Kashata, kipara na mbavu

Matairi ya kwanza yalikuwa laini usoni. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 watengenezaji walianza kuchonga mifereji ili tairi lishike njia iliyolowa. Vinundu vilivyobaki kati ya mifereji hiyo vimepata kwa mafundi wetu jina ambalo kamati yoyote ingejivunia: "kashata". Anayeijua kashata ya nazi iliyokatwa vipande juu ya sinia haelezwi zaidi. Tairi lililokwisha kashata huitwa "kipara". Sehemu ya pembeni ni "ubavu", na tairi likichakaa mno husemwa kuwa "limetoa nyuzi".

Maneno haya yana sifa tatu: ni mafupi, yanaonyesha umbo, na yanajulikana kwa anayefanya kazi hiyo. Mfasiri anayeandika "michoro ya sehemu ya mkanyago" wakati fundi anasema kashata anajitungia lugha ya peke yake.

Kashata zilikua pamoja na gari la njia mbovu. Jeep ya jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili ilivaa matairi yenye mapande makubwa yaliyopangwa ili yashike sawasawa gari likienda mbele au nyuma. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ilirithi namna hiyo ya kufikiri, na kwa miaka mingi tairi la ukubwa wa 7.50-16 lilijulikana katika vituo vingi vya kazi vya Afrika Mashariki.

Lakini historia hiyo hiyo ilionyesha kuwa kashata kubwa si dawa ya kila ugonjwa. Ralph Bagnold, mwanajeshi Mwingereza aliyevuka jangwa la Libya kwa magari katika miaka ya 1920 na 1930, na ambaye mwaka 1940 aliunda kikosi cha doria ya jangwani, alipita mchangani kwa kupunguza upepo wa matairi. Tairi lenye upepo mdogo hulala, hugusa eneo kubwa zaidi, na uzito wa gari husambaa. Kashata kubwa zinazochimba huko mchangani huchimba kaburi la gari lenyewe. Akirudi kwenye njia ngumu, dereva hana budi kuurejesha upepo, kwani tairi lililolegea likikimbizwa hupata joto na kupasuka.

3. Tabaka zilizobaki jina

Sasa turejee kwenye kosa letu. Hapo kale mwili wa tairi ulijengwa kwa vitambaa vya pamba vilivyowekwa kimoja juu ya kingine. Tairi lenye tabaka 10 lilikuwa kweli na tabaka 10, na kuzihesabu kulikuwa ndiko kuupima uimara wake. Baadaye pamba iliachia nafasi rayoni, kisha nailoni, kisha poliesta na waya za chuma. Tena, mpangilio ulibadilika. Kampuni ya Michelin ilipata hataza ya tairi la radiali mwaka 1946 na kulipeleka sokoni mwaka 1949. Katika tairi la zamani nyuzi hupita kwa mshazari na kukatana. Katika radiali hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na juu yake hufungwa mikanda.

Tabaka 2 za nyuzi mpya zikaweza kubeba mzigo uliohitaji tabaka 10 za pamba. Biashara, hata hivyo, haikuiacha namba ya zamani, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wameizoea. Namba ikabaki, tabaka zikaondoka. Leo "10 PR" ni daraja la uimara, wala si hesabu ya vitambaa. Sisi tulifasiri jina, tukaiacha maana.

4. Neno "zote" na ahadi yake

Mwaka 1976 kampuni ya BFGoodrich ya Marekani ilitoa tairi la radiali la magari madogo ya mizigo na ya njia mbovu, na katika jina lake ikaweka maneno ya Kiingereza yenye maana ya ardhi za kila namna. Wengine wamefuata, na jina hilo limekuwa la aina nzima, likifupishwa kwa herufi AT. Aina hiyo inasimama kati ya mbili: tairi la barabara kuu, lenye kashata ndogo zilizokaribiana, na tairi la matope, lenye kashata kubwa zilizoachana, ambalo hufupishwa MT.

Tazama kazi ya kila moja. Tairi la matope huwa na mifereji mipana ili gurudumu likizunguka liutupe udongo nje. Lakini juu ya lami iliyolowa mpira unaogusa njia ni mchache, kwa hiyo gari huchelewa kusimama, hunguruma, na kashata huliwa upesi. Tairi la barabara kuu lina sifa zilizo kinyume cha hizo. Tairi la katikati hupatanisha: hustahimili changarawe na mawe, hukimbia vema kwenye lami, na hupita matope kidogo.

Tunasema matope kidogo kwa makusudi. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga wakati wa masika, hujaza mifereji ya tairi hili baada ya mizunguko michache, na gurudumu huwa kama pipa lililopakwa mfinyanzi. Dereva aliyesoma "ardhi zote" na kuamini alichosoma ataingia mbugani akiwa na mgonjwa au sanduku la karatasi za mtihani. Hapo neno "zote" huacha kuwa pambo la tangazo, na serikali inayolinakili katika hati yake huwa imelitia muhuri.

Kwa Kiingereza, jina hilo ni la biashara, na wenye lugha yao wamezoea kulipunguza thamani wanapolisikia. Kiswahili hakina mazoea hayo nalo. Likishaandikwa katika waraka husomwa kama sharti.

5. Kuchagua na kuandika

Ofisa anayeagiza matairi aanze kwa kuhesabu njia, si kwa kutaja jina. Gari hili husafiri sehemu gani ya mwendo wake juu ya lami, sehemu gani juu ya changarawe, na sehemu gani katika tope au mchanga? Kisha aandike vipimo. Tuchukue tairi lenye chapa 235/85R16 120/116Q. Upana wake ni milimita 235. Urefu wa ubavu ni asilimia 85 ya upana huo. R ni radiali. 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Ukikokotoa utapata kimo cha milimita 806 hivi, karibu sawa na lile tairi la zamani la 7.50-16, ndiyo maana hushika nafasi yake. Namba 120 ni kilo 1,400 kwa tairi likiwa peke yake, na 116 ni kilo 1,250 kwa kila tairi yakifungwa mawili mawili. Herufi Q ni mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa. Mwishoni atazame namba nne za tarehe: 2219 ni juma la 22 la mwaka 2019, kwani mpira huzeeka hata ukiwa ghalani.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Kiwanda cha matairi cha Arusha kilianza kuzalisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini kilisimama kabla ya mwaka 2010. Matairi mengi hutujia kutoka nchi nyingi, kila moja na majina yake. Hati ndiyo inayobaki kusema kwa niaba ya mnunuzi.

6. Mapendekezo

Kwa hayo, tunatoa mapendekezo yafuatayo ili yajadiliwe:

Kashata: vinundu vya uso wa tairi vinavyoshika njia. Litumike katika maandishi rasmi.

Daraja la uimara: kipimo cha PR. Neno "tabaka" libaki kwa nyuzi zinazohesabika kweli.

Namba ya mzigo. Herufi ya mwendo: alama za uzito na kasi ya juu kabisa.

Tairi la mshazari. Tairi la radiali: aina mbili za mpangilio wa nyuzi.

Tairi la barabara kuu. Tairi la matope: aina mbili za pembeni.

Tairi la njia mseto: lile linaloitwa la ardhi zote.

Neno hili la mwisho ndilo tunaloliombea kibali. Tumezoea kusema "kilimo mseto", na hakuna mkulima anayedhani kuwa shamba hilo lina mazao yote ya dunia; anajua kuwa yamechanganywa kwa kiasi. "Njia mseto" humweleza dereva kwamba tairi lake limechanganya sifa, na kila mchanganyiko umeacha kitu. Mafundi walikwisha kutupa kashata kutoka jikoni. Si aibu nasi kurudi huko huko kutafuta mseto.

Wasomaji walio na neno bora zaidi, hasa walio karibu na gereji kuliko ofisi, tunawaomba walete. Neno likipimwa barabarani kabla ya kupigwa chapa, huenda masika ijayo gari moja lisikae juu ya magogo.