Nguruwe wa Galen na Bwana Tan

Wamisri wa kale walipomkausha maiti wa heshima, kwa kawaida moyo waliuacha kifuani. Ubongo waliuvuta kwa kulabu kupitia puani, wakautupa. Hata hivyo matabibu wao walikuwa wameona jambo. Karatasi ya mafunjo aliyoinunua Edwin Smith mjini Luxor mwaka 1862, iliyoandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, inaeleza majeruhi 48, na mmoja wao amepasuka panja: ukimwita, hasemi.

Wagiriki walibishana kuhusu mahali akili ilipo. Wafuasi wa Hippocrates waliutetea ubongo, lakini Aristotle alishikilia kwamba kazi yake ni kuupoza moyo, wenye akili zote. Wanafalsafa Wastoa wakaongeza hoja: maneno hubeba mawazo, na sauti hutoka kifuani, basi mawazo nayo yamo humo. Hoja hiyo si ya kijinga hata kidogo. Nani hajawahi kukabwa na maneno kifuani?

Aliyeivunja ni Galen, tabibu wa Roma wa karne ya 2, na aliivunja hadharani. Nguruwe alifungwa kamba akipiga kelele. Galen akampasua shingo, akatafuta mishipa ya fahamu miwili myembamba kama nywele, akaikaza kwa uzi. Nguruwe aliendelea kufurukuta na kuhema, ila kimya. Mishipa hiyo hutoka kwenye ubongo, hushuka kifuani, kisha hugeuka na kupanda kooni. Kifua kilikuwa njia tu.

Baada yake wataalamu, Ibn Sina akiwemo, waligawa fikra na kumbukumbu katika matundu yenye maji ndani ya ubongo, mpaka Thomas Willis wa Oxford, mwaka 1664, alipozihamishia kwenye nyama yenyewe. Franz Joseph Gall akaja na upapasaji wa mafuvu ili kutambua tabia za watu. Ulikuwa upuuzi, lakini uliacha swali zuri: je, kila kazi ina mahali pake?

Jibu lilitoka hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris. Louis Victor Leborgne alikuwa ameishi humo miaka 21. Alielewa aliyoambiwa, lakini kila alipojibu alitoa silabi moja, “tan, tan”, hata wakamwita jina hilo. Akighadhibika, tusi zima lilimtoka bila shida. Aprili 1861 mguu wake ulioza, akapelekwa kwa daktari mpasuaji Paul Broca, na siku chache baadaye akafa. Broca alipofungua fuvu alikuta kidonda upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Baada ya kukusanya wagonjwa wengine, mwaka 1865 alitangaza kwamba usemi hutawaliwa na upande wa kushoto.

Kwa bahati hakuukata ubongo ule vipande, aliuhifadhi. Watafiti walioupiga picha kwa mashine ya MRI na kuchapisha matokeo mwaka 2007 waliona kidonda kimezama ndani kuliko alivyodhani Broca, hadi kwenye nyuzi zinazounganisha sehemu za mbele na za nyuma. Mahali alipopataja bado panaitwa eneo la Broca, ingawa kidonda cha Leborgne kilikuwa kimevuka mipaka yake.