Kiwanja cha Shule na Mzigo wa Frasila Mbili



Mtoto wako wa darasa la sita amerudi nyumbani jua limekwisha kuinama. Miguu ina vumbi mpaka magotini, shati limeloa jasho, na mkoba wa vitabu unaning'inia bega moja. Unamwuliza, "Ulikuwa wapi?" Anajibu, "Michezoni." Nawe unasema yale ambayo wazazi wengi wa pwani, kutoka Lamu mpaka Kilwa, wamekwisha kuyasema: "Mimi nimekupeleka shule ukasome, sikukupeleka ukacheze."

Maneno hayo yanatoka katika mapenzi, wala hapana wa kumlaumu mzazi anayemtakia mwanawe elimu. Lakini je, ni maneno ya haki? Leo nataka tulipime neno hili kwa mizani ya tarikhi. Wala tusikae hapa pwani tu. Tuifuate ile njia waliyoifuata wazee wetu: tutoke Bagamoyo, tupite Ugogo, tufike Tabora, kisha tuendelee magharibi zaidi ya kilomita 100 mpaka Kaliua, mahali ambapo reli hugawanyika, moja ikaenda Kigoma na moja ikaenda Mpanda.

NJIA YA WAPAGAZI

Katika karne ya 19 nchi hiyo ilikatwa na barabara kuu ya misafara ya kwenda Ujiji. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na nguo, shanga na masango yakapanda bara, na yote hayo yalikwenda juu ya mabega ya watu, kwani ndorobo hawakuwaacha wanyama wa mizigo wakaishi. Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Hapo walipokewa kwa ukarimu na Waarabu wenyeji, akiwamo Sheikh Snay bin Amir. Zaidi ya miezi minne njiani! Safari hiyo hiyo mpagazi wa Kinyamwezi aliifanya na mzigo wa frasila mbili hivi begani, yaani ratili 70, au karibu kilo 32.

Sasa, nguvu hiyo ilitoka wapi? Haikushuka kwa siku moja. Mtoto wa Kinyamwezi alizoezwa tangu udogo wake kwa kupewa pembe ndogo aibebe, na kila alivyokua mzigo nao ukakua. Kijana aliyekuwa bado kwenda pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili. Na msafara ulikuwa na nidhamu yake. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, na haikuwa ruhusa mtu kumpita. Mwenye nguvu na mwenye unyonge walifika kambi moja, wakapika moto mmoja.

Lakini mwenye kuandika tarikhi hana budi kusema kweli yote. Njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na katika waliofanya biashara ile walikuwamo watu wa pwani yetu. Na nchi hiyo hiyo ilimwona Mtemi Mirambo akikusanya vijana wenye nguvu, wale walioitwa rugaruga, akapigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 hata njia ya Ujiji ikafungwa. Mirambo alikufa mwaka 1884, na jina lake bado linatajwa kwa heshima huko.

Basi tuchukue funzo la kwanza. Nguvu ya kijana haikai bure. Asipofundishwa kuitumia katika kheri, atatokea mtu mwingine wa kuitumia: mwenye mzigo, mwenye bunduki, au mwenye mnyororo.

SHULE NA UWANJA WAKE

Gari la moshi lilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Frasila zikashuka mabegani mwa watu zikapanda mabehewa. Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza wakaanzisha pale Tabora, katika miaka ya 1920, shule ya serikali kwa ajili ya wana wa machifu. Waliiga shule za kwao za bweni: viranja, mabweni yenye majina, na uwanja wa michezo kando ya madarasa. Ndiyo shule aliyoingia Julius Nyerere mwaka 1937. Katika miaka ya 1950 zikaja shule za kati, kuanzia darasa la tano mpaka la nane, na mtoto wa mkulima naye akaanza kupata kidogo katika kile kilichokuwa cha mwana wa chifu.

Kwetu pwani jambo hili halikupokelewa upesi. Mpira wa miguu ulifika Unguja katika karne ya 19, na miongoni mwa walioucheza mapema walikuwa wanafunzi wa skuli ya misheni ya Kiungani. Kwa hiyo wazee wengi waliona kuwa mpira ni kitu cha watu wa misheni, na anayeufuata atapotea. Hofu yao ilikuwa na sababu, kwani katika zama zile kumpeleka mtoto skuli kulikuwa kama kumtia katika mikono ya mtu usiyemjua.

Hata hivyo, je, mchezo wenyewe ni mgeni kwetu? Mashindano ya ngalawa tunayo. Lamu hushindanisha punda na majahazi siku za Maulidi, na kirumbizi huchezwa kwa fimbo na kwa adabu. Na tukitazama sira ya Mtume (s.a.w.), tunaona kwamba alishindanisha farasi pale Madina, na kwamba alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (r.a.). Aliwaacha Mahabushia wacheze na mikuki yao msikitini, na Bibi Aisha akiwatazama. Ametufundisha kuwa mwili una haki yake juu ya mtu, na kuwa muumini mwenye nguvu ana ubora juu ya aliye dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Aliyefundishwa haya hawezi kusema kuwa mchezo wenyewe ni upotevu. Atauliza tu: unachezwa vipi, na wakati gani?

WALIOTOKA VUMBINI

Baada ya Uhuru, Tanzania ilitunga sheria ya Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967. Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka katika mbio ndefu za marathoni akaumia goti. Wakimbiaji zaidi ya 70 walianza mbio zile, na wengi wazima walikata tamaa njiani. Yeye alifungwa bandeji akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeshika, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akawa wa 57 na wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma aende kuanza mbio, bali kuzimaliza. Washindi wengi wa siku ile wamesahauliwa, lakini yule wa mwisho bado anatajwa.

Kisha akaja Filbert Bayi, kijana wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Alitangulia tangu mwanzo mpaka mwisho, kama kirangozi asiyepitwa. Mwaka 1980 mjini Moscow yeye na Suleiman Nyambui walipata kila mmoja medali ya fedha.

Kisha tukalegea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya kitaifa ya shule za msingi na za sekondari yalisimamishwa kwa muda, kwa hoja ile ile ya mzazi wetu wa mwanzo, kwamba yanakula wakati wa masomo. Baadaye yakarudishwa, na leo UMITASHUMTA na UMISSETA yanachezwa tena. Lakini watoto waliokuwa na miaka 12 wakati ule hawakurudishiwa miaka yao.

KWA NINI UMRI HUU?

Huenda ukasema, "Vema, lakini hao ni mabingwa, na mwanangu hatakuwa bingwa." Kweli, na wala hatumtaki awe bingwa. Tunazungumza juu ya mtoto wa miaka 11 mpaka 15, ambaye mifupa inarefuka, sauti inabadilika, hasira ziko karibu na haya nyingi. Umri huu ndio mtu anapofanya mazoea atakayozeeka nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 mpaka 17 autumikishe mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Utafiti wake uliotolewa mwaka 2019, uliokusanya habari za nchi 146, ulionyesha kuwa vijana 4 katika kila 5 wa miaka 11 mpaka 17 hawafikii kiasi hicho. Nasi pwani tunayajua maradhi ya sukari na ya shinikizo la damu. Hakuna mtaa usio na mgonjwa.

Tena kuna mafunzo ambayo kitabu huyaeleza, lakini uwanja ndio unaoyatia moyoni. Kushindwa mbele ya watu na kumpa mkono aliyekushinda. Kutii firimbi hata unapoona refa amekosea. Kumpa mwenzako mpira ingawa ungependa kufunga wewe. Katika mbio za kupokezana vijiti, mwepesi hushindwa akimdharau mzito. Haya ndiyo subira, uadilifu na udugu, nayo ni mambo ambayo hayahifadhiwi kwa ulimi peke yake.

Turudi sasa Kaliua. Nchi ile ni nchi ya tumbaku, kama jirani yake Urambo. Inajulikana kuwa watoto wa huko wametumiwa katika mashamba hayo, na kwamba jani bichi la tumbaku lililoloa hupenyeza sumu yake katika ngozi ya anayelichuma, akapata kizunguzungu na kutapika. Mtoto aliye kiwanjani na mwalimu wake saa kumi alasiri hayumo shambani chini ya mzigo wa tumbaku. Na wa kwetu pwani, asiyekuwa kiwanjani saa hiyo, yuko wapi? Mwenye kuuza unga wa kulevya anajua jibu, na mwenye mashine ya kamari naye analijua. Rugaruga wa leo hawabebi bunduki, lakini bado wanasajiliwa katika umri ule ule.

MASHARTI YA HAKI

Hatusemi kila mchezo ni mwema. Mchezo unaomfanya mtoto aache sala ya alasiri ni hasara, nasi tumwombe mwalimu, kwa upole, apange wakati wake vizuri. Mchezo unaochezewa pesa ni kamari, hata ukiitwa jina gani. Mchezo wa matusi na kupigana haufai.

Na mabinti je? Nao wana miili yenye haki. Mpira wa pete wamecheza mashuleni miaka mingi. Ama sitara, haizuii: mwaka 2014 FIFA iliruhusu rasmi wachezaji kuvaa hijabu, na mwaka 2017 shirika la dunia la mpira wa kikapu likafanya hivyo. Ikiwa wakubwa wa michezo duniani wamelikubali vazi lake, basi sisi wazazi wake tusilifanye vazi hilo kuwa sababu ya kumfungia ndani.

Ama mtihani, nao una haki yake. Mpangie mtoto saa ya kitabu, saa ya chuo, saa ya kazi ya nyumbani na saa ya kiwanja, kila moja mahali pake. Mpagazi wa zamani hakubebeshwa frasila mbili akiwa na miaka saba. Alipewa kidogo kidogo mpaka akaweza. Maisha yatamtwika mwanao mzigo mzito kuliko pembe ya ndovu, naye atautua au ataangushwa nao.

Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo akirudi na vumbi lake, usianze na ukali. Mpe maji aoge, aswali, ale. Kisha mwulize: mlicheza na nani, ulimsaidia nani, na mlipofungwa ulifanya nini? Utajua mengi juu ya mwanao ambayo karatasi ya mtihani haikuambii. Na siku moja ukipata nafasi, nenda kiwanjani ukasimame kando, akuone.

Wabillahi tawfiq.